Kazi yangu ni ya mtandaoni: je, niachane na nyumba nianze kuhamahama?

Swali: Shikamoo. Nina umri wa miaka 29, ninaishi Tabata, Dar es Salaam, na kwa miaka miwili sasa ninahudumia wateja wa kampuni moja ya Uholanzi inayouza vifaa vya bustani. Ninawajibu kwa barua pepe na kwa simu, kwa Kiingereza, nikiwa nyumbani. Ninalipwa yuro 1,200 kwa mwezi kwa mkataba wa mtoa huduma, yaani wa kujitegemea. Mkataba wa nyumba yangu unaisha baada ya miezi mitatu, na mwenye nyumba anataka tena kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nimechoka kushinda ndani. Ninafikiria kuuza vitu vyangu niishi kama wale wahamaji wa kidijitali: nianze na Zanzibar, kisha Kigali, kisha Mauritius na hatimaye Ureno. Mama yangu yuko Tanga na ninamtumia fedha kila mwezi, na mdogo wangu ninayemsomesha yuko kidato cha tatu. Je, maisha hayo yananifaa?

Jibu: Marahaba, dada. Umeuliza jambo moja, lakini ndani yake mna mambo mawili ambayo ni vizuri yatenganishwe kabla hujauza hata kiti. La kwanza ni kama kazi yako inakuruhusu kuishi mahali pengine pasipo Dar es Salaam. La pili ni kama unataka, na unaweza, kuishi bila makazi ya kudumu. Wanaoyapamba maisha haya huyaeleza kana kwamba ni jambo moja, na wengi wao, ukiwafuatilia, utakuta kipato chao kikubwa kinatokana na kuuza kozi za namna ya kuishi hivyo. Kwa jinsi ulivyojieleza, nadhani jibu la jambo la kwanza ni ndiyo, na jibu la pili ni hapana kwa sasa.

Wengi huanza kwa kutazama ramani. Wewe anza kwa kuusoma mkataba wako wa kazi. Tafuta kipengele kinachotaja mahali pa kufanyia kazi na kile kinachohusu taarifa za wateja. Kampuni yako imebanwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2018, ambayo inaweka masharti juu ya taarifa za wateja zinazosomwa kutoka nje ya Umoja huo. Inawezekana waliandaa nyaraka zao wakijua kuwa wewe uko Tanzania, na ukihamia Rwanda au Mauritius nyaraka hizo hazitatosha tena. Kwa hiyo mwandikie msimamizi wako barua fupi: taja nchi, taja tarehe, eleza kwamba saa za kazi hazitabadilika, kisha omba idhini ya maandishi. Usijaribu kuhama kimyakimya ukidhani hawatajua, kwa kuwa mifumo ya kampuni huonyesha mtu ameingilia kutoka nchi gani, na mtu mwenye mkataba wa mtoa huduma huachishwa kwa barua pepe moja tu. Kama unatumia VPN waliyokupa wao (programu inayokuunganisha na mtandao wa kampuni kwa njia ya siri), kumbuka pia kuwa tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imewataka wanaotumia VPN hapa nchini kujitambulisha kwake. Kama hujafanya hivyo, lifanye sasa, uhame au usihame.

Suala la saa halinipi wasiwasi. Uholanzi iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa joto, kwa hiyo siku yako ya kazi huanza saa tano asubuhi au saa nne. Kigali iko karibu zaidi na saa zao kuliko Dar es Salaam, na Mauritius imetutangulia kwa saa moja tu. Mtu mwenye wateja wa California, ambao wako nyuma yetu kwa saa kumi au kumi na moja, angepaswa kulifikiria jambo hili kwa uzito, kwa sababu mkutano wa saa nne asubuhi kwao ungemkuta yeye kati ya saa mbili na saa tatu usiku. Nchi ulizozitaja zimekaa vizuri upande huo.

Tatizo liko kwenye karatasi, na hapa nitakawia kidogo. Maisha haya yalitungwa na watu wenye pasipoti za Marekani na Ulaya, ambao hushuka uwanjani, hugongewa muhuri na kuendelea na safari. Mwenye pasipoti yetu hupanga kwa miezi. Nchi nyingi sasa zimeanzisha viza maalumu kwa wanaofanya kazi kwa mbali, lakini kila moja ina kiwango chake cha kipato, na baadhi zina orodha ya uraia zinaoukubali. Cape Verde, kwa mfano, ilifungua mlango wake kwa watu wa Ulaya, Amerika Kaskazini, nchi zinazozungumza Kireno na zile za jumuiya ya Afrika Magharibi. Mtanzania hamo. Dubai inataka mwombaji awe na dola 3,500 kwa mwezi. Ureno, ambayo umeiweka mwisho wa safari yako, iliifungua viza yake Oktoba 2022 na inadai kipato cha mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa nchi hiyo, yaani yuro 3,480 kwa mwezi kwa mwaka 2025. Wewe una yuro 1,200. Usidanganyike na anayekwambia uingie kwa viza ya matembezi ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, kwani hiyo ina ada ya yuro 90 tangu Juni 2024, inakupa siku 90 tu katika kila siku 180, na haikuruhusu kufanya kazi.

Mauritius iko karibu zaidi na uwezo wako. Viza yake ya mwaka mmoja, iliyoanzishwa mwaka 2020, haina ada na inahitaji kipato cha dola 1,500 kwa mwezi kutoka nje ya kisiwa. Yuro zako 1,200 zikigeuzwa dola hazifiki hapo, ila nyongeza ya mshahara au mteja wa pili anaweza kukufikisha. Hilo ni lengo la mwaka ujao. Kwanza uulize ubalozini kama uraia wako unakubaliwa.

Kilicho wazi kwako leo ni Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia na kukaa hadi miezi sita bila viza. Kigali, Mombasa na Kampala ziko ndani ya uwezo wako kwa pasipoti uliyonayo. Angalia tu kuwa haki hiyo ni ya mgeni na haimpi mtu ruhusa ya kuajiriwa katika nchi aliyoingia. Ukitaka kukaa muda mrefu, pita ofisi ya uhamiaji ya huko ueleze kuwa mwajiri wako yuko Ulaya na uulize kibali kinachokuhusu. Ni afadhali kuuliza mapema kuliko kuulizwa mpakani.

Kodi ya mapato nayo watu huielewa vibaya, wakidhani kuwa anayehamahama hadaiwi na mtu yeyote. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamhesabu kuwa mkazi mtu mwenye makazi ya kudumu Tanzania aliyekuwepo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka, au aliyekaa siku 183 au zaidi, au aliyekuwepo mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Wewe umeishi hapa muda wote, kwa hiyo hata ukiondoka sasa kigezo cha tatu kinaweza kukushika, na mkazi hutozwa kwa kipato chake chote bila kujali kilikotoka. Endelea kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya kipato chako, kwa mamlaka ya mapato, TRA. Ukikaa Rwanda au Kenya siku 183, nchi hiyo nayo inaweza kukuhesabu kuwa mkazi wake, ndiyo maana mimi huwashauri watu wasivuke miezi mitano mahali pamoja nje ya nchi bila kwanza kumwona mshauri wa kodi.

Sasa fedha. Hujaniambia unatumia kiasi gani, nami sitakubunia, lakini ninaweza kukuonyesha mahali hesabu za wahamaji huvujia. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo inauma siku ya kulipa, ila ukiigawa kwa miezi utakuta ni nafuu sana ukilinganisha na chumba chenye samani kinachokodishwa kwa mwezi mmoja mmoja Paje au Jambiani, kwenye fukwe za Zanzibar. Huko bei hufuata wageni: hupanda kuanzia Juni hadi Oktoba na tena kuanzia Desemba hadi Februari, kisha hushuka wakati wa masika. Anayefika Agosti akauliza bei ya mwezi hupewa bei ya mtalii hata akiongea Kiswahili cha Mjini Magharibi. Kila unapohama kuna nauli, siku za kula hotelini kwa sababu hujajua soko liko wapi, amana ya chumba kipya, vyombo vya jikoni unavyonunua na kuviacha. Anayekaa miezi minne mahali pamoja hulipa gharama hizi mara tatu kwa mwaka, na anayehama kila mwezi huzilipa mara kumi na mbili. Kwa kipato chako, mwendo wa pole ndio pekee unaowezekana.

Kuna pia jambo dogo linalowatoa watu jasho wakiwa mbali, nalo ni laini ya simu. Benki yako hutuma namba ya siri ya kuthibitisha muamala kwenye laini uliyoisajili kwa alama za vidole hapa nyumbani. Ukivuka mpaka huku huduma ya kutumia laini nje ya nchi haijawashwa, ujumbe haufiki, muamala unakwama, na mama Tanga hapati fedha zake. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, hufungwa, na kuirudisha kunahitaji kidole chako mbele ya wakala. Kabla ya safari yoyote washa huduma hiyo, jitumie fedha kidogo ukiwa umekaa kwa wakala au benki, na uhakikishe namba za siri zinafika. Jaribio la kweli lifanye tena siku ya kwanza ukiwa upande wa pili.

Nimemtaja mama kwa makusudi, maana katika barua yako umemweka mwishoni kama mtu anayekumbuka jambo la ziada, ilhali mimi ningeanza na yeye. Mhamaji wa Ulaya ambaye maandiko haya yaliandikwa kwa ajili yake mara nyingi hana anayemtegemea. Wewe unabeba nyumba mbili. Jiulize, mama akiugua ghafla usiku, nani atafika hospitali ya Bombo kabla yako, na wewe utafika lini? Kutoka Tabata unapanda basi alfajiri na mchana uko Tanga. Kutoka Kigali ni ndege ya kununua tiketi siku hiyohiyo kwa bei watakayokutajia, au zaidi ya siku nzima ya basi, na bado hujafika Tanga. Misiba, arusi na vikao vya familia haviahirishwi kwa sababu mtoto wa kwanza yuko safarini. Kama uko kwenye kikoba, soma katiba yenu inasema nini kuhusu mwanachama asiyehudhuria: vikundi vingi hutoza faini kwa kukosa kikao, na vingine humnyima mkopo. Mtandao huu wa watu ndio bima yako ya kwanza, kuliko hata kadi ya bima ya afya ya NHIF, ambayo nayo hutarajii kuitumia Kigali. Sisemi usiondoke kwa sababu ya mama. Ninasema kila mpango wa safari uwe na fungu la fedha lisiloguswa, linalotosha tiketi ya kurudi Tanga siku yoyote kutoka popote ulipo, pamoja na ada ya mdogo wako ya muhula mmoja mbele. Usipoweza kuliweka fungu hilo, safari isubiri.

Kuhusu mtandao na umeme, picha ya mtu aliyekaa ufukweni na kompyuta mapajani haijawahi kupigwa na mtu anayefanya kazi yako. Mwangaza wa pwani hukuzuia kusoma kioo. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi huvuma Paje kwa nguvu ya kuwafurahisha wanaoteleza baharini kwa tiara, na upepo huohuo ukiingia kwenye kipaza sauti, mteja wa Rotterdam anasikia mvumo badala ya jibu. Utafanya kazi chumbani, umefunga dirisha, kama unavyofanya Tabata. Kwa hiyo ukikagua chumba, usitazame bahari kwanza. Omba kupiga simu ya video ya dakika ishirini ukiwa umekaa kwenye meza ileile utakayoitumia, kwenye saa zilezile za kazi yako, kisha uulize umeme ukikatika kuna nini. Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa nyaya zinazopita chini ya bahari, na kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 kisiwa kilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu baada ya hitilafu. Hali ya leo ni bora zaidi, lakini betri ya akiba na laini za mitandao miwili tofauti bado ni vifaa vya lazima.

Hapa ndipo ninapoona hoja yenye nguvu zaidi upande wa kuhama, ingawa hukuitaja. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilipata hitilafu baharini na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za ukanda huu, yetu ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Kuanzia siku ya uchaguzi wa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mteja wako wa Ulaya huona tu kwamba hujajibu. Mtu ambaye ameshajua nyumba ya kupanga Mombasa au Kigali, mwenye laini ya huko na idhini ya mwajiri mkononi, anaweza kuokoa mkataba wake kwa kuondoka mapema pale dalili zinapoonekana. Kuwa na makazi ya pili unayoyafahamu ni busara ya kikazi, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kuishi bila makazi.

Upweke sitauzungumzia kwa kirefu, kwa sababu wewe mwenyewe umeugusa uliposema umechoka kushinda ndani. Nimewahi kukaa na watu wengi wanaofanya kazi za namna hii, na malalamiko yao makubwa huwa ni hayohayo yako: wanazungumza na wateja siku nzima na hawazungumzi na jirani. Kuhama hakutibu hilo. Miezi miwili ya kwanza mahali papya hufurahisha, kisha unajikuta unashinda ndani tena, safari hii katika mji ambao hakuna anayelijua jina lako. Ukiwa na ndugu na marafiki Dar es Salaam, huenda unachohitaji ni meza katika ofisi ya kushirikiana siku mbili kwa wiki, au nyumba katika mtaa mwingine.

Au mji mwingine. Kama kazi haikufungi Dar es Salaam, kwa nini ulipe kodi ya Dar es Salaam? Tanga ina mama, ina bahari, na nyumba zake ni nafuu. Morogoro ina hewa ya Uluguru na treni ya SGR iliyoanza safari zake mwaka 2024, inayokufikisha Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili. Unaweza kuhamia Unguja moja kwa moja kama mkazi, ukapanga nyumba ya mwaka Fuoni kwa bei ya wenyeji, na Paje ukaenda Jumapili. Katika barua yako hukuandika hata mara moja kuwa unapenda safari yenyewe: viwanja vya ndege, kupanga na kupangua mizigo, kuanza upya kila mara. Uliandika kuwa umechoka na nyumba na mwenye nyumba. Mtu anayefaa kuhamahama huwa anazungumza kuhusu njia, wewe umezungumza kuhusu unakotoka.

Bado ninaweza kuwa nimekosea kukusoma, na jaribio litatuonyesha. Una miezi mitatu kabla ya mkataba wa nyumba kwisha. Mwezi wa kwanza pata idhini ya maandishi kutoka Uholanzi na uanze kulijaza lile fungu la tiketi. Mwezi wa pili nenda Unguja wiki nne, ukikwepa msimu wa wageni kama kalenda yako inaruhusu, huku nyumba ya Tabata ikibaki na vitu vyako vyote. Fanya kazi saa kamili, usichukue likizo, na uandike kila shilingi inayotoka pamoja na kila simu iliyokatika. Ukirudi, linganisha matumizi ya mwezi huo na ya mwezi wa kawaida Tabata, na utazame taarifa ya msimamizi wako kuhusu muda uliotumia kuwajibu wateja. Kama matumizi yamezidi kwa zaidi ya unachoweza kulipa bila kupunguza fedha ya mama, au kama majibu yako yalichelewa, umepata jibu.

Kama yote yamekaa sawa na bado unatamani kuondoka, usiuze kitanda wala jokofu. Vipeleke Tanga. Mweleze mwenye nyumba kuwa huendelei, kisha panga Kigali kwa miezi minne, ukipeleka nakala ya idhini ya mwajiri na cheti cha chanjo ya homa ya manjano pamoja na pasipoti yenye zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha. Kama mwenye nyumba wako ni mwelewa, mwombe kwanza akupokee kodi ya miezi mitatu mitatu. Wengi hukataa siku ya kwanza na hukubali wanapoona nyumba itakaa wazi.